Udongo Ungali Maji: Ukuaji wa Ubongo na Ugwe wa Mgongo wa Oposamu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi ajuaye kazi yake hangoji udongo ukauke ndipo aanze kuufinyanga, kwani ukishakauka hauitiki tena mkono, ukilazimishwa huvunjika. Aghalabu methali hii hutajwa pale panapozungumziwa malezi ya watoto. Makala haya yanaipeleka methali hiyo mahali ambapo wahenga hawakupata fursa ya kupachungulia, yaani ndani ya fuvu na ndani ya pingili za mgongo wa mnyama mdogo wa Amerika aitwaye oposamu.

Huenda msomaji akajiuliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili na oposamu wapi na wapi? Jibu lina pande mbili. Kwanza, mnyama huyu amewasaidia wanasayansi kulikabili mojawapo ya maswali magumu kabisa ya utabibu: kwa nini mtu aliyekatika neva za mgongo hasimami tena, ilhali mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyochanika hufunga? Pili, swali hilo haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kwanza kuutengua utata wa istilahi uliomo katika lugha yenyewe. Kwa hiyo makala yataanza na istilahi, kisha yataeleza oposamu ni mnyama gani, jinsi ubongo na neva zake zinavyokua, na hatimaye funzo linalopatikana kwa binadamu.

Uti au ugwe?

Katika mazungumzo ya kila siku, Waswahili husema "uti wa mgongo" wakimaanisha mambo mawili tofauti. Maana ya kwanza ni safu ya mifupa inayoshuka kutoka shingoni hadi kiunoni, ile inayomwezesha mtu kusimama wima. Maana ya pili ni kile kilichofichwa ndani ya safu hiyo: kamba laini, nyeupe, iliyosukwa kwa seli na nyuzi za neva, inayouunganisha ubongo na viungo vyote vilivyo chini ya kichwa. Isemwapo kwamba mtu ana homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaotajwa hauhusu mifupa hata kidogo. Unahusu utando unaoufunika ubongo na kamba hiyo ya neva.

Utata huu si suala la darasani tu. Chukua mfano wa mama aliyeketi katika ukumbi wa hospitali, mwanawe amegongwa na gari, naye anaambiwa kwamba "uti wa mgongo umeumia". Kama kilichoumia ni mfupa, mama huyo ana haki ya kutumaini kama anavyotumaini mkono uliovunjika. Kama kilichokatika ni kamba ya neva iliyo ndani, basi maisha ya mwanawe na ya jamaa nzima yamebadilika. Neno moja limebeba habari mbili ambazo haziwezi kupewa mtu kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, makala haya yatatumia "uti wa mgongo" kwa maana ya mifupa pekee, na "ugwe wa mgongo" kwa maana ya kamba ya neva. Istilahi hii ya pili haikubuniwa hapa. Ugwe ni uzi au kamba nyembamba, na neno hilo limekwisha kutumiwa na waandishi wa Kiswahili wa sayansi kwa maana hiyo hiyo. Uzuri wake ni kwamba linamwonyesha msomaji kitu chenyewe: uti ni kigumu kinachosimamisha, ugwe ni laini inayopitisha habari. Aidha, uzi mmoja mrefu wa seli ya neva, ule unaobeba ujumbe kutoka seli hadi seli, utaitwa aksoni. Na zile seli za mfumo wa neva zisizobeba ujumbe, ambazo kazi yake ni kuzilisha, kuzilinda na kuzifunika nyingine, zitaitwa seli za glia.

Oposamu ni mnyama gani?

Afrika haina hata spishi moja ya kiasili, iliyo hai, ya wanyama wenye mfuko. Ndiyo maana Kiswahili hakina jina la jadi la oposamu, nacho kimelazimika kuazima. Hata Kiingereza kiliazima jina hilo. Lilitoka katika lugha ya Wapowhatan, wenyeji wa Virginia, likaingia katika maandishi ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 17. Baadaye Wazungu waliofika Australia waliwapa jina lilo hilo wanyama wengine wa huko kwa sababu walifanana nao, na mkanganyiko huo upo mpaka leo. Oposamu anayezungumziwa hapa ni wa Amerika.

Wanyama wenye mfuko na wanyama wa kondo, kundi alimo binadamu, walitengana katika ukoo wa mamalia zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Tofauti yao kubwa imo katika uzazi. Mwana wa mnyama wa kondo hukaa tumboni muda mrefu, akilishwa kupitia kondo. Mwana wa mnyama mwenye mfuko hukaa tumboni siku chache mno, kisha huzaliwa akiwa bado kama kiinitete, na sehemu kubwa ya ukuaji wake huendelea akiwa amening'inia kwenye chuchu ya mama.

Spishi mbili za oposamu ndizo zinazohusika zaidi na makala haya. Ya kwanza ni oposamu wa Virginia, ambaye wanasayansi humwita Didelphis virginiana. Yeye ni mkubwa kiasi cha paka na ana mfuko tumboni. Ndiye maarufu kwa tabia ya kujifanya mfu anapotishwa. Ya pili ni oposamu mdogo mwenye mkia mfupi, Monodelphis domestica, wa nchi za Amerika ya Kusini kama Brazili, Bolivia na Paraguay. Huyu ana umbo linalokaribia la panya, na ajabu ni kwamba hana mfuko kabisa ingawa yumo katika kundi la wanyama wenye mfuko. Watoto wake hushikilia chuchu wakiwa wazi kwenye tumbo la mama. Kwa mtafiti, hali hiyo ni neema: anaweza kuwatazama watoto tangu siku ya kwanza bila kufungua chochote. Jenomu ya mnyama huyu ilichapishwa mwaka 2007, ikawa ya kwanza kukamilika miongoni mwa wanyama wenye mfuko.

Safari ya kwanza

Mimba ya oposamu mwenye mkia mfupi huchukua takribani siku 14. Mtoto anayezaliwa huwa na uzito wa karibu gramu 0.1, yaani watoto kumi ndio watakaotimiza gramu moja. Hana macho yanayoona wala masikio yanayosikia. Ngozi yake inaonyesha vilivyomo ndani. Miguu yake ya nyuma ni vitufe viwili bapa, mithili ya makasia, visivyoweza hata kujongea. Akilinganishwa na panya, amekua kiasi cha kiinitete cha panya kilicho bado katikati ya safari yake ya tumboni.

Hata hivyo, mtoto huyu ana kazi ya kufanya mara tu azaliwapo, nayo ni kazi ya kufa na kupona. Lazima apande kutoka njia ya uzazi hadi kwenye chuchu, aishike kwa kinywa na asiiachie. Katika oposamu wa Virginia, chuchu kwa kawaida ni 13, na mara nyingi wanaozaliwa huizidi idadi hiyo. Asiyepata chuchu hufa.

Watu wa kale hawakuamini kwamba kiumbe kama huyo angeweza kusafiri peke yake. Katika Marekani palikuwa na imani kwamba oposamu huzalishana kwa pua, na kwamba mama huwapuliza watoto kuingia mfukoni kwa chafya. Mwanabiolojia Carl Hartman alikesha akiwachunguza oposamu katika Texas, na mwaka 1920 akachapisha maelezo ya alichokiona: watoto walipanda wenyewe, wakivuta mkono mmoja baada ya mwingine kama waogeleaji, huku mama akilamba manyoya tu.

Katika safari hii umo msingi wa makala yote. Kiumbe anayetambaa anahitaji neva zinazofanya kazi. Anahitaji misuli ya mabega inayoamrishwa kwa zamu, kulia kisha kushoto. Anahitaji ngozi ya uso inayohisi, ulimi unaonyonya, na pumzi isiyokatika. Haya yote yanatendwa na mtoto ambaye ubongo wake, kwa kiasi kikubwa, haujajengwa.

Ubongo unaojengwa nje ya tumbo

Ubongo wa oposamu aliyezaliwa sasa hivi unaweza kulinganishwa na nyumba iliyohamiwa kabla ya kuezekwa. Sehemu ya chini, yaani shina la ubongo, imekwisha kuanza kazi: ndiyo inayoendesha kupumua na kunyonya. Neva zinazoleta hisia za mguso kutoka usoni zimefika huko, na uchunguzi uliofanyiwa watoto wachanga umeonyesha kwamba kuguswa usoni huweza kuamsha mwendo wa miguu ya mbele. Inaelekea basi kwamba mguso wa uso ni mmojawapo wa viongozi wa ile safari ya kwanza.

Sehemu za juu zina hali tofauti. Ubongo mdogo ulio kisogoni, ambao kwa mnyama mzima husawazisha mwendo, ni kama haujaanza. Gamba la ubongo, lile tabaka la juu ambalo kwa binadamu ni makao ya lugha, kumbukumbu na mawazo, ni utando mwembamba usio na matabaka yake ya kawaida. Takribani seli zote za neva za gamba hilo huzalishwa baada ya mtoto kuzaliwa, katika muda wa takribani wiki tatu za mwanzo.

Namna seli hizo zinavyojipanga inastahili kuelezwa. Huzaliwa ndani kabisa, kando ya vyumba vya ubongo vyenye majimaji, kisha husafiri kuelekea nje. Zinazotangulia hukaa chini. Zinazofuata huzipita wenzao na kukaa juu yao. Hivyo gamba hujengwa kutoka ndani kwenda nje, wageni wakipewa nafasi ya juu kuliko wenyeji. Utaratibu huo ndio uliomo kwa panya na kwa binadamu pia, japo kwao hufanyika gizani ndani ya tumbo la uzazi. Kwa oposamu hufanyika mahali ambapo mtafiti anaweza kuutazama siku baada ya siku bila kumpasua mama. Masikio na macho hufunguka baada ya mwezi wa kwanza kukaribia kwisha au kwisha, na mtoto huachishwa ziwa akiwa na umri wa wiki nane hivi.

Ipo pia tofauti ya kimaumbile isiyofaa kusahauliwa. Kwa wanyama wa kondo, nusu mbili za ubongo huunganishwa na daraja nene la nyuzi za neva lililo katikati. Wanyama wenye mfuko hawana daraja hilo. Mwingereza Richard Owen alilidokeza jambo hili mwaka 1837, na utafiti wa baadaye umelithibitisha: nyuzi za oposamu zinazovuka kutoka nusu moja ya gamba hadi nyingine hupita katika njia nyingine, iliyo chini na mbele zaidi. Kwa hiyo oposamu si binadamu mdogo. Ni ndugu wa mbali ambaye msingi wa nyumba yake umefanana na wetu, ingawa milango imewekwa kwingine.

Ugwe wa mgongo: kutoka shingoni kwenda kiunoni

Ugwe wa mgongo nao una ratiba yake. Kwa mamalia kwa jumla, ugwe hukomaa ukianzia shingoni na kushuka kuelekea kiunoni. Kwa oposamu pengo kati ya juu na chini ni kubwa mno, kwa kuwa miguu ya mbele inahitajika siku ya kwanza na ya nyuma haihitajiki hata kidogo. Sehemu ya ugwe inayoiamrisha miguu ya mbele huwa tayari ina seli za neva zilizokwisha kuungana na misuli yake. Sehemu inayohusu miguu ya nyuma huwa bado inapangwa.

Miguu ya nyuma huanza kujongea siku kadhaa baada ya kuzaliwa, lakini kwa mishtuko isiyo na mpango. Huchukua wiki kadhaa kabla ya miguu minne kupatana na mnyama kutembea kama mnyama. Katika kipindi hicho, nyuzi kutoka shina la ubongo huwa zinateremka polepole ndani ya ugwe, zikizifikia pingili za chini moja baada ya nyingine. Kwa maneno mengine, barabara inajengwa huku magari yakiwa yamekwisha kuanza kupita katika kipande cha juu.

Jeraha linalopona

Katika kitabu chake cha miaka ya 1913 na 1914, Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alieleza kwamba nyuzi za neva za mikononi na miguuni huweza kuota tena zikikatwa, ilhali zile za ubongo na ugwe wa mgongo wa mnyama mzima hujaribu kidogo kisha hukoma. Maelezo hayo yalisimama kwa miongo mingi kama hukumu isiyo na rufaa.

Mwaka 1990, kundi la watafiti waliokuwamo John Nicholls na Norman Saunders lilichapisha matokeo ya jaribio moja. Walitoa ubongo na ugwe wa oposamu mchanga ukiwa mzima, wakauweka katika kimiminiko chenye chumvi, lishe na oksijeni. Kwa kuwa ni mdogo mno, oksijeni iliweza kupenya hadi ndani bila damu. Viungo hivyo viliendelea kuishi kwa siku kadhaa: seli zilipeleka ujumbe, miitiko ya ghafla ilipatikana, na hata mdundo wa kupumua ulisikika katika neva zake, ingawa hapakuwa na mapafu ya kupumua.

Kisha waliuumiza ugwe huo kwa kuuminya hadi nyuzi zikakatika. Katika siku nne au tano, nyuzi za neva zilikuwa zimeota na kuvuka jeraha, na ujumbe wa umeme ukawa unapita tena. Jambo ambalo Cajal hakuliona kwa wanyama wazima lilikuwa likitendeka ndani ya sahani ya kioo.

Swali lililofuata lilikuwa la maana zaidi: je, mnyama aliye hai angeweza kutembea? Mwaka 1998 Saunders na wenzake walichapisha taarifa kuhusu oposamu waliokatwa ugwe kabisa katika siku za mwanzo za maisha na kuachwa wakue. Walipofikia utu uzima, wanyama hao walitembea na kuogelea, na nyuzi za neva zilikuwa zimevuka mahali palipokatwa. Baadhi ya nyuzi hizo zilikuwa zimekatwa na kuota upya. Nyingine zilikuwa hazijafika huko wakati wa kukatwa, zikapita baadaye kwa mara ya kwanza.

Tofauti hiyo kati ya kuota upya na kupita kwa mara ya kwanza si ya kupuuzwa. Ikiwa daraja limevunjika, kujua kama magari yanayopita leo ni yale yale ya jana au ni mageni kunabadilisha maana ya ukarabati. Kwa oposamu, hali zote mbili zilikuwapo.

Mlango unapofungwa

Uwezo huu haudumu. Katika majaribio ya sahani, ugwe wa sehemu ya shingo ulioumizwa siku ya 9 baada ya kuzaliwa ulipona. Ulioumizwa siku ya 12 haukupona. Sehemu za chini, ambazo bado ni changa, ziliendelea kuwa na uwezo kwa siku chache zaidi. Kwa oposamu wa Virginia, ambaye hukua polepole kuliko jamaa yake, utafiti wa George Martin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ulionyesha kwamba njia mbalimbali za neva hupoteza uwezo huo kwa nyakati tofauti. Kila njia ina siku yake ya mwisho.

Ni nini kinachotokea katika siku hizo chache? Sababu ya kwanza inayotajwa ni mayelini, ule mfuniko wa mafuta ambao seli za glia huuzungushia aksoni ili ujumbe upite upesi. Mayelini huanza kuonekana katika ugwe wa oposamu karibu na wakati ule ule ambao uwezo wa kupona unapungua. Mnamo 1981 watafiti wa Montreal, Samuel David na Albert Aguayo, walikuwa wameonyesha kwamba nyuzi za ugwe wa panya mzima huweza kuota mbali zikipewa njia ya neva ya mguuni, lakini husimama zinaporudi kwenye ugwe. Tatizo basi halikuwa katika uzi peke yake. Udongo ulikuwa unaukataa. Martin Schwab wa Zurich alionyesha mwaka 1990 kwamba kuizuia protini fulani ya mayelini kwa panya kuliruhusu nyuzi kuota, na mwaka 2000 jeni ya protini hiyo ilitambuliwa na kupewa jina Nogo.

Lakini mayelini haielezi kila kitu. Seli za glia nyingine hujenga kovu kwenye jeraha la mnyama aliyekomaa, na uvimbe unaofuata jeraha huwa mkali zaidi kuliko kwa mchanga. Isitoshe, seli ya neva yenyewe hubadilika: jeni zilizokuwa zikiisukuma iote huzimwa, na nyingine huwashwa. Watafiti wa Trieste, Italia, wamelinganisha jeni zinazofanya kazi katika ugwe wa oposamu kabla na baada ya mlango kufungwa, wakapata tofauti nyingi. Udongo haukauki kwa upepo mmoja.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini maumbile yauondoe uwezo wenye faida kubwa hivyo. Maelezo yanayoelekea kuwa ya busara ni kwamba mambo yanayozuia nyuzi kuota ndiyo yanayoulinda mtandao uliokwisha kukamilika. Mayelini inayokataa uzi mpya ndiyo inayoupa uzi wa zamani kasi yake. Mnyama aliyekomaa anahitaji njia zisizohamahama, ili mguu uliojifunza kutembea leo usisahau kesho. Hasara inaonekana siku ya ajali.

Funzo kwa binadamu

Mwaka 2011 kundi la Saunders, lililokuwa katika Chuo Kikuu cha Melbourne, lilichapisha ulinganisho wa oposamu waliokatwa ugwe siku ya 7 na wale waliokatwa siku ya 28. Wa siku ya 7 walijenga daraja la neva kwenye jeraha, wakatembea kwa mpangilio na kuitumia miguu ya nyuma wakiogelea. Wa siku ya 28 hawakuwa na uzi hata mmoja kutoka ubongoni uliovuka. Pamoja na hayo, miguu yao ya nyuma ilipiga hatua na kubeba uzito wa mwili, ingawa haikupatana na ya mbele, na majini haikupiga maji.

Matokeo haya ya pili yana uzito wa pekee. Yanaonyesha kwamba ugwe ulio chini ya jeraha haufi. Ndani yake umo mtandao wenye ujuzi wake wa kupiga hatua, unaosubiri kuamshwa na mguso wa ardhi kwenye wayo. Ndiyo sababu majini, mahali ambapo wayo haukanyagi kitu, ujuzi huo hauamki. Kwa mgonjwa wa kibinadamu, fikra hii inaipa maana kazi ya mazoezi ya viungo: sehemu iliyotengwa na ubongo bado inaweza kufunzwa kitu.

Hata hivyo, ni wajibu wa mwandishi wa sayansi kutomlisha msomaji tumaini la uongo. Binadamu huzaliwa akiwa amekwisha kuupita umri ambao ugwe wa oposamu hujiponya. Hadi sasa hakuna tiba ya kawaida hospitalini inayouunganisha ugwe uliokatika wa mtu mzima. Alichofanya oposamu ni kuthibitisha kwamba ugwe wa mamalia si kitu kisichoweza kupona. Uliwahi kuweza, ukaacha. Swali limehama kutoka "je, inawezekana?" hadi "ni nini kilichofunga mlango, na funguo zake ni ngapi?"

Hali kadhalika, maarifa haya yana gharama, na gharama hiyo imelipwa na wanyama wasioulizwa. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi huwataka watafiti wathibitishe kwamba jaribio lina haja ya kweli, kwamba maumivu yamepunguzwa, na kwamba idadi ya wanyama si kubwa kuliko inavyohitajika. Anayenufaika na maarifa hayo hana budi kuyataja yote mawili, matunda na gharama.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba oposamu huzaliwa na ubongo usiokamilika, kwamba ugwe wake hukua kutoka shingoni kwenda kiunoni kwa mujibu wa mahitaji ya maisha, na kwamba katika siku chache za mwanzo ugwe huo hujiunga ukikatwa. Vilevile yameonyesha kwamba uwezo huo hutoweka kadiri mfumo wa neva unavyokomaa, kwa sababu zaidi ya moja.

Kuhusu Kiswahili, funzo liko wazi. Lugha iliyotangazwa kuwa rasmi na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haiwezi kuishia katika ushairi na sarufi, ikaliacha chumba cha daktari kwa lugha nyingine. Nayo istilahi haihitaji kuwa ngumu ili iwe ya kitaalamu; ugwe ni neno fupi, na mtu yeyote aliyewahi kufunga kamba anaweza kulielewa. Siku mama yule ukumbini atakapoambiwa kwamba uti umevunjika lakini ugwe ni mzima, atajua alie kwa kiasi gani na atumaini kwa kiasi gani. Istilahi nazo ni udongo: zikiachwa zikauke katika kamusi bila kutumiwa, hakuna mkono utakaozifinyanga tena.